Neno Lenye Nywele

Kibonde kilicho juu ya paji la uso wangu, pale nywele zinapoanzia, hakikutokana na bembea. Nimesema ni bembea kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilimwambia hivyo mwenzangu wa chumba tulipokuwa chuoni. Nilimwambia mume wangu kabla hajawa mume, na sikumsahihisha hata alipoacha kuwa mume. Nimemwambia msusi wangu wa Ruiru, ambaye vidole vyake hupita hapo kila mara anaponisuka na ambaye, nadhani, hakuniamini hata siku moja. Hadithi yenyewe ilikuwa na mapambo: bembea ya chuma, kiti cha ubao, binamu mkorofi aliyesukuma kwa nguvu. Kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo bembea ilivyozidi kupendeza. Nilipopata shahada ya pili ilikuwa imeshapakwa rangi ya buluu.

Mtaa wetu pale Makongeni, Thika, haukuwa na bembea. Ulikuwa na mukwa.

Mukwa ni ukanda wa ngozi. Mzigo unakaa mgongoni, chini, karibu na kiuno. Ukanda unauzunguka mzigo, unapanda, na kukaa kwenye paji la uso. Mgongo unaegemewa tu; kinachovuta ni kichwa. Mama zetu wa Kikuyu wamebeba kuni, maji na viazi namna hiyo tangu zamani, na anayeanza akiwa mdogo, mfupa ukiwa bado laini, hubaki na alama. Mama yangu anayo. Bibi yangu alikuwa na yake, ya kina hivi kwamba mvua ikimkuta njiani maji yalipita hapo kama kwenye mfereji wa paa. Mimi nilianza kwa maji, wakati wa likizo, kwa bibi huko Kalimoni. Kisha nikaendelea na makaa, kwa kuwa mama aliuza makaa mlangoni petu na wateja wake walipenda kuletewa. Aliyewaletea ni mimi.

Majirani wengi walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya waliokuja kufanya kazi viwandani. Mama zao walijitwika ndoo kichwani wakatembea wima, kama watu wanaoitwa mbele kupokea zawadi. Watoto wao walinitazama nikipita nimeinama, uso chini, mikono imeshika ukanda karibu na masikio, wakaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni punda. Punda wa kuvuta maji walikuwa wengi mtaani, kwa hiyo swali halikuhitaji ufafanuzi. Nikaapa kwamba siku nitakayotoka pale, hata kitabu nitakibeba mkononi.

Mara moja tu bembea ilikaribia kuanguka. Yule mwenzangu wa chumba alinitembelea nyumbani wakati wa likizo, na katikati ya chai akamwuliza mama, kwa huruma ya kweli, "Mama, ile bembea ilimuumiza sana?"

Mama alinitazama. Nilitazama kikombe.

"Sana," mama akasema. "Bembea mbaya sana hiyo. Ikabidi itolewe."

"Ikapelekwa wapi?"

"Mbali," mama akajibu, akamwongezea chai.

Hakuligusia tena jambo lile. Akaliweka mahali anapoweka mambo, na mimi kwa ujinga nikadhani amelitupa.

Mwaka huu mwenye nyumba za safu yetu ameuza. Mnunuzi anataka kujenga ghorofa, na wapangaji waliambiwa wawe wameondoka mwezi ukiisha. Mama amekaa katika nyumba ile tangu alipoolewa. Baba hayupo tena. Magoti ya mama yamechoka, na ana presha, ugonjwa usiopenda kusahauliwa. Dada yangu mkubwa ameolewa mbali na hututumia ushauri kwa simu. Kwa hiyo palikuwa na mahali pawili pa mama kwenda. Pa kwanza ni kwangu Ruiru, penye chumba kitupu na kliniki ng'ambo ya barabara. Pa pili ni Kalimoni kwa dada yake, mzee kuliko yeye, anayeishi peke yake katika nyumba ya mabati inayovuja, mahali ambapo mvua ikinyesha hata pikipiki hukataa kufika. Dada yake alikuwa ameshamfagilia kona. Kila jioni alipiga simu na kuuliza swali lile lile: "Mwari wa maitu, unakuja lini?" Mwari wa maitu, yaani binti wa mama yangu. Wale wawili hawajawahi kuitana kwa jina lingine.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja la majina. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Nina jina la bibi wa Kalimoni, yule wa mfereji wa mvua. Kwa hiyo mama yangu, tangu nikiwa na nepi, huniita maitu, mama yangu. Amenichapa huku akiniita mama yangu. Akikasirika kwelikweli ndipo huliacha jina hilo na kuniita madam.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Anakuja Ruiru. Wazee wawili, magoti manne mabovu, na dawa za presha katika mkebe mmoja wa chai: hapana. Nikakodi pikapu, nikanunua masanduku ya karatasi ngumu na gundi ya kufungia, nikaenda Makongeni Jumamosi asubuhi nikijiona mtu aliyepanga mambo yake vizuri.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda mlangoni. Kando yake palikuwa na jiko lake la udongo na gunia la makaa lililojaa hadi kufungwa kwa wavu juu. Lilikuwa gunia la mwisho la biashara yake, lililobaki alipoacha kuuza. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, alilikagua gunia lile kabla ya kumsalimia mwenye nalo.

"Na hilo?"

"Hilo ni langu," mama akasema.

"Mathe, makaa siwezi. Kesho nabeba viti vya harusi. Vyeupe."

"Mum," nikaingilia, "kwangu kuna gesi. Unazungusha hivi tu, moto uko."

"Gesi ya nani?"

"Yetu."

"Ya nani?"

"Sawa, ni yangu, lakini Mum, si ni kitu kimoja?"

Mama alimgeukia dereva. "Umekunywa chai?"

Dereva alikunywa chai. Alikunywa na ya pili. Nilisimama katikati ya masanduku yangu nikijua kwamba mtu akianza kunyweshwa chai pale nyumbani, kazi aliyoijia haitafanyika.

Katika kizazi cha mama, mwanaume aliweza kuoa wake wawili au watatu, lakini hakuna aliyethubutu kuwapa jiko moja. Kila mwanamke alikuwa na moto wake. Aliyekula kwa moto wa mwingine alikuwa mgeni, au mgonjwa, au mtoto. Mimi nililijua hilo kama ninavyojua mambo mengi, yaani nimewahi kuliandikia makala. Sikuwahi kulifikiria pamoja na jiko langu la gesi, lenye meko manne na kifuniko cha kioo.

"Kwa dada yangu nitawasha moto wangu," mama akasema hatimaye, akiambia jiko lake zaidi ya kuniambia mimi. "Ruiru nitakaa nikingoja kuulizwa kama nimeshiba."

"Basi njoo na makaa yako. Nitatafuta gari lingine."

"Gari ni ya barabara. Mimi hapa niliingia na makaa kwa mgongo, na kwa mgongo yatatoka. Hapa mlangoni mpaka kwa gari. Na huko, gari mpaka mlangoni. Nikiona hivyo nitayafuata."

"Nani atayabeba?"

Mama alicheka kidogo. Aliinua macho hadi kwenye paji la uso wangu, akayaacha hapo.

"Si wewe," akasema. "Wewe uliumizwa na bembea."

"Bembea gani?" dereva akauliza, kikombe mdomoni.

"Muulize madam."

Pikapu ilirudi Ruiru tupu, na mimi ndani yake na masanduku yangu. Karibu na Juja dereva aliuliza tena habari za bembea. Nilimwambia atazame barabara.

Kazi yangu, au ile sehemu yake inayoonekana, ni kuandika makala kuhusu maneno: yametoka wapi, yamepitia mikono ya nani, yamefikaje kwetu. Wiki ile nilikuwa nimejipangia neno la Kiingereza "luggage", mizigo ya safari, kwa kuwa nilidhani ningekuwa nikifungua masanduku ya mama na nilitaka kitu chepesi. Sasa sikuwa na masanduku ya kufungua. Nikakaa mezani na kamusi zangu kubwa, nikiwa na hasira.

"Luggage" ni mtoto wa "lug". Kwa Kiingereza cha leo "lug" ni kubeba au kukokota kitu kizito kwa taabu. Halitumiki kwa kitu chepesi. Hulagi kikombe, unalaga sofa. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lakini wanaochimba asili ya maneno wanadhani lilivuka bahari kutoka nchi za kaskazini, kwa watu waliokuwa na neno la jamii yake, na kwao maana yake ilikuwa kumvuta mtu kwa nywele. Kumshika zile nywele za mbele, za juu ya paji la uso, na kumvuta. Waingereza wa kale wakalichukua, wakavuta nalo watu, kisha vitu, kisha vitu vizito, hata nywele zikasahauliwa na uzito ukabaki. Na huko Uskoti "lug" lingine, ambalo labda ni ndugu yake, ni sikio.

Niliweka kalamu chini. Nilipeleka mkono juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia, nikakuta kidole kimelala ndani ya kibonde chake kama kilichopimwa. Nywele za mbele. Mikono karibu na masikio. Katika kamusi zangu za Kiswahili nilikuwa na kujitwika, kwa mzigo wa kichwani. Nilikuwa na kueleka, kwa mtoto wa mgongoni. Nilikuwa hata na mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Neno la mzigo unaovutwa kwa paji la uso sikulipata, labda kwa kuwa Kiswahili kilikulia pwani, na pwani hawana miteremko ya Kalimoni. Nikalikuta kwa watu wa theluji ambao hawajawahi kuona mukwa.

Nikafungua "carry", neno ambalo kila mtoto wa shule hulijua, neno la kawaida la kubeba. Hilo lilitoka kwa Warumi, kupitia Wafaransa, na ndani yake mna gari. Mwanzoni lilikuwa kupeleka kitu kwa gari la kukokotwa. Lina magurudumu. Ukisema umebeba kwa neno hilo, kama unalichukulia kwa asili yake, hujasema kwamba umebeba wewe. Huenda amebeba punda, au pikapu, au dereva mwenye kofia ya sufu.

Sikuhitaji kamusi ya tatu. Mama alikuwa hagombani na Ruiru, wala na gesi. Alitaka kujua kama mtu atakayekuwa akimpisha kwenye korido kila siku anaona haya kwa kichwa alichorithi. Na njia aliyochagua kuuliza ilikuwa ya haki kabisa, kwa maana jibu la maneno nilishampa, zamani, mbele ya mgeni, nikitazama kikombe.

Nikampigia simu.

"Nitabeba," nikasema.

"Utabeba nini, madam?"

"Makaa. Na mukwa."

Nyuma yake nikasikia jirani yake, mama mmoja wa magharibi ambaye wamepakana naye miaka mingi, akiuliza ni nani, na mama akimwambia ni mtu wa Ruiru. Alipoirudia simu nikamweleza habari za "lug", watu wa kaskazini na nywele.

"Walikuwa wanavutana nywele?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Wanaume?"

"Nadhani na wanaume."

"Ndiyo maana wana vipara," mama akasema. Kisha, "Wewe huwezi. Utaanguka uvunjike, niambiwe nimekuua." Akakata.

Kuambiwa siwezi kumewahi kunipa shahada mbili na talaka. Nikaanza mazoezi.

Sikuwa na mukwa. Nilikuwa na sanduku la safari la magurudumu, nililolinunua kwa ajili ya mikutano ya wasomi, na lilikuja na mkanda mpana wa kulizungushia. Nikachukua mkanda ule. Gunia la makaa nalo sikuwa nalo, kwa hiyo nikachukua gunia la mchele na kulijaza kitu kizito kuliko vyote nilivyokuwa navyo nyumbani, yaani kamusi. Ninakaa ghorofa ya pili. Nikashuka ngazi na maarifa yangu yote mgongoni, kisha nikajaribu kupanda nayo.

Shingo ilikuwa imesahau. Niliposimama mara ya kwanza mkanda uliteleza ukanishika shingoni, na gunia likaniangusha kwa matako kwenye ngazi ya tatu. Jirani wa chini, mama wa Kihindi ambaye husafisha mlango wake kila asubuhi kama hekalu, alitoka na ndoo.

"Dada, unahama?"

"Hapana."

"Mwizi amekuingilia?"

"Ni mazoezi."

Aliangalia kamusi zilizotapakaa. "Kwa mtihani?"

Mara ya pili nilikumbuka kwamba huinuki na mzigo; unauweka juu ya kitu, unakaa mbele yake, unaweka ukanda, unainama, na mzigo wenyewe unaamua kukufuata. Nilikumbuka kwamba hutazami mbele. Ukiinua uso, umekwisha. Unatazama ardhi, na watu unawajua kwa viatu. Utotoni nilijua mtaa mzima kwa viatu. Ndala za kijani zilikuwa za mama wa mandazi, buti zilizopasuka zilikuwa za baba akitoka zamu. Kufikia Alhamisi nilikuwa nikipanda hadi mlangoni bila kuketi, na mama wa Kihindi, ambaye sasa nilimjua kwa kandambili zake za dhahabu, alikuwa akinipisha bila kuuliza lolote.

Palibaki msimamizi wa jengo. Amebandika sheria zake langoni, na makaa yametajwa kabla ya mbwa.

"Madam, makaa hapana. Moshi. Nguo za watu."

"Ni mama yangu."

"Hata wangu ningemkataza."

"Sasa sikiliza. Jiko litawashiwa chini, huku nyuma, karibu na pipa la takataka. Moshi ukiisha, makaa yakiwa mekundu, ndipo linapanda. Litakaa kwenye balkoni ya nyuma, nje, penye hewa. Si ndani."

"Nani atakuwa analipandisha kila siku? Mzee?"

"Mimi."

Alinitazama kuanzia viatu, akafika usoni, akaona mstari mwekundu ambao mkanda wa sanduku ulikuwa umeniachia. Nilimwona akitaka kuuliza. Nikamwambia kabla hajauliza. "Ni mukwa. Nilibeba makaa nikiwa mtoto. Sasa nabeba tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Nilitarajia jengo litikisike. Yeye alijikuna kidevu. "Sawa. Lakini majivu usimwage kwa sinki."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Makongeni kabla mama hajamaliza uji. Dereva alikuwa yule yule. Nilimleta makusudi, na turubai kubwa la kuzingira gunia kwa ajili ya viti vyake vyeupe. Njia za pale ni nyembamba, kwa hiyo pikapu ilibaki barabarani, mbele ya maduka. Kati ya mlango wetu na pikapu palikuwa na safu nzima ya nyumba, bomba la maji lenye foleni, na kila mtu aliyewahi kuniona nikiwa mdogo na bado yuko hai.

Mama alitazama mkanda wangu wa sanduku. Aliingia ndani, akarudi na ukanda wa ngozi uliokuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango miaka yote, mweusi, laini, umeng'aa katikati kwa jasho la vichwa viwili.

"Hicho ni cha nguo," akasema. "Chukua hiki."

Jirani wa magharibi alikuwa ametoka kuaga, mikono kiunoni. "Haki ya nani! Mama, unamfanya msomi punda?"

"Amejileta," mama akasema.

"Si uweke kichwani kama watu, dada? Nikushikie?"

"Kichwani nimeweka vitu vingine," nikamjibu, nikakaa mbele ya gunia.

Ukanda ulikwenda wenyewe. Sikuuongoza. Uliteremka juu ya nywele, ukapita, ukaingia kwenye kibonde na kutulia, na nilihisi jambo ambalo kamusi zangu hazikuwa zimenifundisha wiki nzima, kwamba kamusi zilikuwa nyepesi. Niliinama. Gunia likafikiri. Likanifuata.

Sitasema nilitembea vizuri. Nilitembea kama meza. Makaa yalilia mgongoni kwa sauti ile kavu niliyoijua kuliko sauti ya kengele ya shule. Nikapita viatu vya kwanza, vya pili, nikapita ndoo za kwenye bomba. "Huyu si yule wa makaa?" sauti ikauliza. "Yule aliyeenda chuo?" Nyingine ikasema, "Chuo gani, na anabeba bado?" Kicheko kikapita juu yangu, na mimi sikuweza kuinua uso kujitetea, jambo ambalo naamini liliokoa heshima yangu. Nyuma yangu nilisikia ndala za mama na mkongojo wake. Alikuwa amebeba jiko mwenyewe.

Katikati ya safu magoti yalitaka kuketi.

"Usisimame hapo," mama akasema kwa nyuma. "Hapo hakuna pa kuegemeza. Ukuta uko mbele. Songa."

"Wapi?"

"Songa."

Nilisonga. Ukuta ulikuwepo. Nikaegemeza gunia, nikapumua, nikasonga tena, hadi nilipoona magurudumu. Dereva alifunua turubai, tukalipakia gunia. Tulipofika barabara kuu ndipo aliposema, polepole, kama mtu aliyesumbuliwa na hesabu, "Kwa hivyo hakukuwa na bembea."

"Hakukuwa," nikasema.

Mama alitazama nje ya dirisha. Tulikuwa tumepita Juja, na njia ya kwenda Kalimoni ikaja upande ule na kupita. Hakusema tusimame. Hakusema pia tuendelee. Jiko lilikuwa mapajani mwake na sikuweza kusoma uso wake, na nilijua kwamba dada yake bado anangoja, na kwamba gari linaweza kugeuka wakati wowote, hata langoni kwangu.

Ngazi za Ruiru nilizijua. Msimamizi alishika lango. Kandambili za dhahabu zilisogea pembeni na sauti ikasema, "Sasa ndiyo mtihani wenyewe, dada." Sikuketi. Nilifika mlangoni, nikapita sebuleni bila kufikiria zulia, nikapita jiko la gesi lenye kifuniko cha kioo, nikafika balkoni ya nyuma na kulitua gunia kwenye kona niliyoifagia. Nikaanguka kando yake. Mama alifika baadaye sana, akiyalalamikia magoti yake kwa Kikuyu. Aliweka jiko chini. Alitazama kona. Alitazama gunia, akalisukuma kidogo kwa mguu, likae anavyotaka.

Nilishuka kuwasha jiko karibu na pipa la takataka. Moshi ulipoisha nikalipandisha. Akateleka sufuria ya chai bila kuniuliza majani wala sukari viko wapi, alikuja navyo.

Simu yake ikalia. Anaisikilizia kwa spika kwa kuwa masikio yake nayo yamechoka, kwa hiyo nilisikia swali la kila jioni lililokuja mapema siku hiyo, kutoka Kalimoni, sauti ikiwa na wasiwasi.

"Mwari wa maitu, nimeambiwa umeondoka Makongeni na gari. Mbona huku sikuoni? Unakuja lini?"

Nilikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mukwa bado mkononi. Mama alipuliza makaa kwanza, mara moja, taratibu. Kisha akanitazama, akanyoosha mkono wake wenye masizi, akaweka kidole gumba kwenye kibonde changu na kukiacha hapo.

"Sikuji huko," akaiambia simu. "Hiyo kona yako uweke kuku. Wewe ndiye utakuja huku unitembelee, moto wangu uko tayari."

"Huku wapi?"

"Niko kwa maitu," mama akasema. "Amenibebea makaa."